Detroit Lions 2023: Kocha hakukosea pale wanapomlaumu

Mpira ulimfikia Josh Reynolds mikononi, ukamponyoka. Huku Afrika Mashariki ilikuwa imeshapita saa kumi alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Januari 2024, na sisi wachache tuliokesha tulikuwa tumekaa ukingoni mwa viti. Kule Santa Clara, California, Jumapili ilikuwa haijaisha. Detroit Lions, timu ya futiboli ya Kimarekani, walikuwa wanaongoza 24-10 dhidi ya San Francisco 49ers, robo ya tatu ikiwa imebakiza dakika saba hivi. Mshindi alikuwa anakwenda Super Bowl, fainali ambayo Lions hawajawahi kuicheza tangu ianzishwe. Lilikuwa jaribio la nne na zilihitajika yadi mbili tu. Kocha Dan Campbell angeweza kumwingiza mpiga teke achukue pointi tatu, lakini aliamua timu ijaribu. Kwotabeki Jared Goff, yaani mrusha pasi wa timu, akarusha pasi safi, Reynolds akaiachia.

Mechi ilipokwisha ubao ulisomeka 34-31, Lions wamefungwa. Tangu usiku ule, ukitaja msimu wa 2023 wa Detroit mbele ya mtu anayefuatilia futiboli ya Kimarekani, jibu ni moja: Campbell aliutupa ubingwa wa kanda kwa ukaidi wake. Nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu. Silikubali, na sababu yangu si mapenzi kwa timu hii, ingawa mapenzi ninayo. Silikubali kwa kuwa ukiifuata mechi ile hatua kwa hatua, lawama hiyo haifiki inakopelekwa. Kosa la Campbell usiku ule lipo, ila liko mahali pengine kabisa, na wengi hawalikumbuki.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kanuni yenyewe ni hii. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, yaani kama mita tisa. Ikizipata, inaanza kuhesabiwa manne mengine. Ikifika jaribio la nne bado inadaiwa yadi, ina njia tatu: kuupiga mpira mbali ili mpinzani aanzie nyuma, kupiga teke lipite kati ya milingoti kwa pointi tatu ikiwa milingoti haiko mbali, au kujaribu tena, na ikishindwa mpinzani anauchukua mpira palepale. Kwa miongo mingi makocha wa NFL, ligi kuu ya mchezo huu, walichagua njia mbili za kwanza karibu kila mara. Kocha anayepiga teke akifungwa, wanalaumiwa wachezaji. Kocha anayejaribu akashindwa, analaumiwa yeye. Wachumi na wataalamu wa takwimu wamekuwa wakionyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba timu hupiga teke mara nyingi kuliko inavyofaa, na sehemu kubwa ya sababu ni hofu ya kazi ya kocha.

Campbell hana hofu hiyo, na ili kuelewa imetoka wapi lazima uijue klabu aliyoikuta.

Lions walitwaa ubingwa wa mwisho mwaka 1957, walipoichapa Cleveland Browns 59-14. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 60, walishinda mechi moja tu ya mtoano: ile ya Januari 1992 dhidi ya Dallas Cowboys, 38-6. Walikuwa na Barry Sanders, mmoja wa wakimbiaji bora waliowahi kuugusa mpira ule, akastaafu mwaka 1999 miguu yake bado mizima. Walikuwa na Calvin Johnson, mpokeaji pasi ambaye mabeki wawili hawakumtosha, naye akaondoka mapema baada ya msimu wa 2015. Mwaka 2008 walicheza mechi 16, wakafungwa zote 16. Campbell alikuwa mchezaji kwenye orodha ya kikosi kile, ingawa majeraha yalimweka nje karibu msimu wote. Na haya yote yalitokea katika jiji ambalo viwanda vyake vilikuwa vinafungwa, watu wanahama, mpaka serikali ya jiji yenyewe ikatangaza kufilisika Julai 2013. Kila mwaka Sikukuu ya Shukrani ilipofika, Marekani nzima iliwatazama Lions wakicheza nyumbani, kama desturi ilivyo tangu 1934, na mara nyingi walichokitazama ni kipigo.

Mwezi Januari 2021 mmiliki Sheila Ford Hamp akaajiri watu wawili: Brad Holmes awe meneja mkuu, Campbell awe kocha. Siku ya kutambulishwa, Campbell alisema timu yake ikiangushwa itainuka, na wakati inainuka itamng'ata mtu goti. Alichekwa nchi nzima. Msimu wake wa kwanza uliisha kwa ushindi wa mechi 3, vipigo 13 na sare 1. Wa pili ulianza kwa ushindi 1 na vipigo 6.

Holmes alikuwa anafanya kazi ya kimyakimya. Alimpeleka Matthew Stafford, kwotabeki kipenzi cha Detroit, kwa Los Angeles Rams, akapokea Goff pamoja na haki za kuchagua chipukizi wanaoingia ligi, mbili kati yake za raundi ya kwanza. Stafford akatwaa Super Bowl na Rams katika msimu wake wa kwanza tu huko, Februari 2022, na Goff akaonekana kama chenji iliyorudishwa dukani. Lakini hesabu ya Holmes ilikuwa ndefu. Kutokana na haki zile, baada ya kubadilishana na timu nyingine, akawapata mpokeaji mwenye kasi Jameson Williams, mkimbiaji Jahmyr Gibbs, na Sam LaPorta, mpokeaji wa nafasi ya taitendi, ambaye mwaka 2023 alidaka pasi 86, wakati ule nyingi kuliko mchezaji yeyote wa nafasi yake aliyewahi kucheza msimu wa kwanza. Amon-Ra St. Brown alichaguliwa wa 112 mwaka 2021, na majina ya wapokeaji 16 waliochaguliwa kabla yake anayajua kwa moyo. Msimu wa 2023 alidaka pasi 119 kwa yadi 1,515. Kwenye ukuta wa mbele alikuwapo Penei Sewell, kijana wa Samoa ya Marekani. Upande wa ulinzi alikuwapo Aidan Hutchinson, mtoto wa Michigan penyewe.

Kikosi hiki hakikuwa na nyota mmoja wa kukibeba. Kilikuwa na imani moja tu: kwamba yadi mbili zikihitajika, watazipata. Imani hiyo Campbell aliijenga kwa kuwaachia wachezaji wazitafute, tena na tena, hata pale wengine wote wangeogopa.

Tazama walivyofungua msimu. Tarehe 7 Septemba 2023 walikwenda Kansas City kucheza na mabingwa watetezi, Chiefs, siku ambayo wenyeji walikuwa wanasherehekea taji lao. Robo ya kwanza tu, Lions wakiwa kwenye yadi ya 17 ya eneo lao wenyewe, jaribio la nne, yadi mbili. Walijipanga kama wanaopiga mpira mbali, kisha mpira ukapelekwa kwa Jalen Reeves-Maybin, mlinzi, akajitosa na kuzipata yadi. Mwendo ule uliishia kwa tachidauni, yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani: pointi sita, pamoja na nafasi ya kuongeza moja kwa teke au mbili kwa mchezo wa kawaida. Wangeshindwa pale, Chiefs wangekuwa mlangoni mwao. Walishinda 21-20.

Mwezi Novemba, Los Angeles dhidi ya Chargers, ubao 38-38, dakika moja na sekunde 47 zimebaki. Jaribio la nne, yadi mbili, mpira uko yadi ya 26 ya wapinzani. Teke lilikuwepo. Campbell alijua kwamba upande wa pili Justin Herbert alikuwa ameupasua ulinzi wake jioni nzima, na kumwachia zaidi ya dakika moja na nusu ni kumkaribisha asawazishe au ashinde. Goff akampa LaPorta pasi ya yadi sita, saa ikaendelea kuliwa, kisha teke la mwisho likapigwa muda ukiwa umekwisha: 41-38. Siku ile hakuna aliyemwita mkaidi, na magazeti yaliandika kwamba Detroit imepata kocha shujaa.

Naomba msomaji aukumbuke mfano huu tukirudi Santa Clara. Hali zilifanana: yadi chache, teke lipo, na mpinzani ambaye ulinzi wa Lions haukuwa na dawa yake. Mtu akisifu uamuzi wa Novemba kwa sababu LaPorta alidaka, kisha akaulaani wa Januari kwa sababu Reynolds hakudaka, amepima mikono ya wapokeaji na kuiita hukumu ya kocha.

Msimu ulikuwa na mabonde yake. Baltimore Ravens waliwapiga 38-6 mwezi Oktoba, kipigo cha aibu. Green Bay Packers waliwaharibia Sikukuu ya Shukrani, 29-22. Tarehe 30 Desemba huko Dallas walifunga tachidauni sekunde 23 kabla ya mwisho, wakawa nyuma 20-19, na badala ya kuchukua pointi moja ya sare Campbell akatafuta pointi mbili za ushindi. Goff akampata Taylor Decker, mchezaji wa ukuta wa mbele, na mpira ukadakwa. Mchezaji wa ukuta haruhusiwi kupokea pasi mpaka ajitambulishe kwa mwamuzi, na mwamuzi akaufuta kwa maelezo kwamba aliyejitambulisha alikuwa Dan Skipper, si Decker. Lions wakajaribu tena, wakashindwa. Mpaka leo nikiutazama mkanda ule naamini walidhulumiwa. Lakini hata walipoumia namna hiyo, hakuna mchezaji wa Detroit niliyemsikia akisema kocha angeomba sare.

Walimaliza na ushindi 12 na vipigo 5, wakatwaa ubingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1993. Goff, yule aliyehesabiwa kuwa chenji, alirusha yadi 4,575 na tachidauni 30. Kisha Januari 14, kwa mpango ambao hakuna mtunzi angethubutu kuuandika, Rams wakaja Ford Field, Stafford akiwa kwotabeki wao. Watu wa Detroit walimzomea mtu waliyempenda miaka 12, wakaimba jina la Goff. Stafford alicheza vizuri mno, yadi 367. Lions walikuwa mbele 24-23, dakika mbili za mwisho, na busara ya kawaida ilisema kimbia na mpira, kula saa, omba Mungu. Goff akarusha. St. Brown akadaka, yadi 11, mechi ikafungwa hapo. Miaka 32 ya kungoja iliisha kwa pasi ambayo kocha mwoga asingeiruhusu. Wiki iliyofuata wakawatoa Tampa Bay Buccaneers 31-23.

Sasa turudi Santa Clara, tutazame mambo kwa utaratibu.

Mapumziko: Lions 24, 49ers 7. Robo ya tatu 49ers wanapata teke, 24-10. Lions wanasogea mpaka yadi ya 28 ya wapinzani. Hapa ndipo Reynolds anaachia. Wanaomlaumu Campbell wana hoja moja nzito na sitaificha: teke lingeifanya 27-10, tofauti ya pointi 17, na kwa pointi 17 mpinzani anahitaji kufunga mara tatu badala ya mbili. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini teke lenyewe lilikuwa la yadi 46 hivi, si la kuweka mfukoni, tena klabu ilikuwa imebadilisha mpiga teke mwezi Desemba tu. Na kuna jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Reynolds alipoachia, 49ers walianzia yadi yao ya 28. Lions wangepiga teke likaingia, wangelazimika kuurudisha mpira kwa 49ers, ambao kwa kawaida wangeanzia yadi ya 25. Tofauti ni yadi tatu. Na teke lingekosa, wangeanzia pale lilipopigiwa, karibu na yadi ya 36. Kwa hiyo kushindwa kule hakukumpa mpinzani uwanja wa bure. Ulinzi wa Lions ulipewa yadi 72 za kulinda, takriban kazi ileile ambayo ungepewa kwa vyovyote.

Na ulinzi ulifanya nini? Brock Purdy alirusha pasi ndefu kwa Brandon Aiyuk. Beki Kindle Vildor alikuwapo, mpira ukamgonga kwenye kofia ya usoni, ukaruka juu, Aiyuk akajitupa na kuudaka: yadi 51. Tachidauni ikafuata. Mchezo wa kwanza baada ya hapo, Goff na Gibbs wakakosana katika kupokezana mpira, ukadondoka, 49ers wakauokota karibu na lango. Dakika chache tu, 24-24. Hakuna jaribio la nne katika lile la Gibbs. Lilitoka kwenye mkimbio wa kawaida kabisa.

Jaribio la pili linalolaumiwa lilikuja zikiwa zimebaki dakika saba na nusu za mechi. Lions nyuma 27-24, yadi ya 30 ya wapinzani, yadi tatu zinahitajika. Teke lingesawazisha. Nakiri kwamba hapa moyo wangu ulitaka teke. Lakini kichwa kinakumbuka kitu kingine: 49ers walikuwa wameshika mpira mara nne katika kipindi cha pili, na mara zote nne walipata pointi. Walipopewa mara ya tano walipata tena. Ukisawazisha 27-27 na kumkabidhi mpira mtu ambaye hujamzuia hata mara moja, umenunua dakika chache tu. Campbell aliuona ulinzi wake ulivyo, kama alivyouona Los Angeles mwezi Novemba. Pasi ya Goff kwa St. Brown haikufika. Pointi 27 mfululizo zilizowageuza zilitoka kwa safu ya nyuma iliyochoka na iliyopungua: Emmanuel Moseley, beki waliyemsajili kuiimarisha, aliumia goti mwezi Oktoba alipokuwa ameingia uwanjani tu, na Jerry Jacobs alikosa mtoano wote.

Basi kosa liko wapi? Liko mwishoni. Lions nyuma 34-24, dakika moja na sekunde chache zimebaki, wako yadi moja kutoka mstari wa goli, jaribio la tatu. Wana taimauti zote tatu, yaani nafasi za kusimamisha saa. Wakati ule kila sekunde ilikuwa dhahabu. Benchi likaita mkimbio. David Montgomery akazuiwa nyuma ya mstari, saa ikaendelea kutembea, ikabidi Lions watumie taimauti moja kuisimamisha. Mchezo uliofuata Goff akampa Williams pasi ya tachidauni, 34-31. Lakini zikiwa zimebaki taimauti mbili badala ya tatu, hawakuweza tena kuupiga mpira mbali, kuwazuia 49ers mara tatu na kuupata tena ukiwa na muda. Walibaki na njia moja, teke fupi la kuugombania mpira, njia ambayo hufaulu kwa nadra sana. George Kittle wa 49ers aliudaka, na usiku ukaisha. Pasi pale kwenye jaribio la tatu isingegharimu kitu: ikidakwa ni tachidauni, isipodakwa saa inasimama yenyewe.

Hilo ni kosa la benchi, halina utetezi, na halikuhusiana na ujasiri. Nikisema ukweli, lilikuwa kinyume cha mchezo wao wa msimu mzima, kwa sababu siku zote walikuwa wanajua saa iko wapi na inamfaa nani. Inaniuma zaidi kuliko lile la Reynolds. Reynolds ni binadamu aliyekosa kudaka. Hili lilikuwa na sekunde kadhaa za kufikiriwa.

Baada ya mechi Campbell alisema hajutii kujaribu, na kwamba anajua atachambuliwa. Wachezaji aliwaambia jambo gumu zaidi: kwamba huenda hiyo ndiyo nafasi pekee waliyokuwa nayo, na kurudi hapo kutakuwa kugumu maradufu. Sijui makocha wangapi wangekuwa na moyo wa kuwaambia vijana wao hivyo katika chumba kile badala ya kuwabembeleza.

Mwezi Aprili 2024 shughuli ya NFL ya kuchagua chipukizi ilifanyika katikati ya jiji la Detroit, kwa siku tatu, na watu zaidi ya 775,000 walihudhuria, rekodi ya shughuli ile wakati huo. Jiji lililotangazwa mufilisi miaka 11 nyuma lilijaa watu waliovaa rangi ya bluu mpaka barabara hazionekani. Holmes akapanda ngazi katika orodha ili amchukue Terrion Arnold wa Chuo Kikuu cha Alabama, beki wa pembeni. Raundi ya pili akamchukua Ennis Rakestraw wa Missouri, naye beki wa pembeni. Kabla ya hao alikuwa amekwisha kumleta Carlton Davis kutoka Tampa Bay, na huyo pia ni beki wa pembeni.